Kufubaa kwa taa za gari: kinachoharibika ni nini hasa

Taa za mbele zikianza kutoa mwanga hafifu, wengi hukimbilia balbu. Wananunua yenye wati kubwa zaidi, wanafunga, na usiku uleule wakitoka Usa River kuelekea Moshi wanakuta barabara bado giza, ila sasa madereva wanaokuja mbele yao wanawapigia full kwa hasira. Balbu haikuwa na kosa. Kilichochoka ni kava la plastiki lililo mbele yake, ambalo limegeuka njano na kushika ukungu usiotoka kwa maji wala sabuni.

Kufubaa kwa taa ni hali hiyo: uso wa nje wa kava umeliwa na jua mpaka haupitishi tena mwanga kwa unyoofu. Mwanga unatoka kwenye balbu, unakutana na vinyufa vidogo visivyoonekana kwa macho, unatawanyika. Sehemu yake inarudi ndani ya taa, sehemu inaruka juu na pembeni hadi machoni pa dereva mwingine, na barabara inapata masalia. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa sana kikakuta zikiwa kwenye dim zinatoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Ndiyo maana balbu yenye wati kubwa haisaidii: inaongeza mwanga wa kutawanywa, na juu ya hapo inaongeza joto.

Magari ya zamani hayakuwa na tatizo hili. Land Cruiser na Land Rover kongwe zenye taa za duara, ambazo bado utaziona Arusha zikibeba watalii, zilikuja na taa za kioo. Kioo hupasuka kwa jiwe, lakini hakifubazwi na jua. Plastiki inayotumika sasa inaitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 sehemu mbili tofauti, na Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Miaka ya 1980 ikaanza kuchukua nafasi ya kioo kwenye taa za magari, kwa kuwa ni nyepesi, inafinyangika kwa umbo lolote mbunifu analotaka, na kokoto ikiigonga haivunjiki.

Udhaifu wake ni miale ya urujuanimno, ile ambayo wengi tunaiita UV. Polikaboneti huifyonza, na kila inapoifyonza minyororo ya molekuli zake inakatika na kuunda kemikali mpya zenye rangi ya njano. Viwanda vinalijua hilo, kwa hiyo kila kava hupakwa ngozi nyembamba, ngumu na angavu yenye dawa ya kuzuia miale hiyo. Ngozi hiyo ndiyo siri yote ya taa safi. Ikiwepo, taa inang'aa kwa miaka. Ikichubuka, plastiki iko uchi.

Noah, IST au Premio inayoshushwa bandarini Dar es Salaam ikitokea Japani mara nyingi imeshatumika miaka kadhaa, na sehemu ya ngozi hiyo imeshakwenda. Kisha inapanda kuja huku. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda nguvu ya UV huongezeka kwa takriban asilimia 10. Tuko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linapita utosini kabisa. Watu hudanganywa na baridi ya hapa. Joto na UV ni vitu viwili: unaweza kuvaa sweta Njiro mwezi wa saba huku taa za gari lako zikiendelea kuliwa, hata kwenye wingu jepesi. Moshi iko chini zaidi na ina joto kali, lakini taa za huko hazina nafuu ya kujivunia.

Ukitaka ushahidi, tazama taa iliyoanza kufubaa. Karibu kila mara sehemu ya juu, ile iliyolala kuelekea angani, ndiyo iliyotangulia, na sehemu ya chini iliyosimama wima bado ni safi. Ingekuwa ni vumbi au uchafu, chini ndiko kungeanza.

Kabla ya kumlipa fundi, mwagia taa maji. Ikirudi kuwa angavu kwa dakika chache kisha ikapauka tena ilipokauka, ukungu uko nje na unatibika, kwa sababu maji yamejaza vile vinyufa na mwanga ukapata njia. Isipobadilika, tatizo liko ndani: unyevu umeingia kupitia gundi iliyoachia, au kioo cha kurudisha mwanga kimeungua kwa balbu za wati kubwa. Hapo msasa ni kupoteza nguvu. Kipimo hikihiki kinaeleza ujanja wa baadhi ya wauza magari, wa kufuta taa kwa mafuta asubuhi kabla mteja hajafika. Mafuta yanafanya kazi ya yale maji, ila yanachelewa kukauka. Ukienda kununua gari, omba lioshwe kwa sabuni mbele yako.

Kutibu kwenyewe ni kukwangua uso ulioharibika mpaka kufikia plastiki nzima. Fundi rangi anayejua kazi, na mtaa wa Unga Limited hapa Arusha hawakosekani, ataosha taa, atazungushia tepu ya karatasi ili asichubue rangi ya boneti na bampa, kisha ataanza na msasa wa maji namba 600 au 800. Maji yanayotiririka mwanzoni yatakuwa ya njano. Hiyo ni ngozi ya zamani inayotoka. Asiache mabaka, maana mabaka ya ngozi kuukuu yataonekana milele chini ya ile mpya. Anaendelea na misasa laini zaidi, namba 1000, halafu 1500, akibadili uelekeo kila namba ili mikwaruzo ya nyuma ifutike. Katikati ya kazi taa itaonekana mbaya kuliko ilivyokuja, nyeupe tupu. Wenye gari huogopa hapo.

Sasa njia mbili. Ya kwanza, anapanda hadi namba 2000 na 3000, anapiga polishi, taa inang'aa, unalipa, unaondoka. Ya pili, anaishia hapo kwenye 1500 au 2000, hapigi polishi, anafuta kwa spiriti na kupuliza klia ya magari, yaani rangi angavu isiyo na rangi yoyote, inayochanganywa na hadina ya kuikausha iwe ngumu, na yenye kinga ya UV. Klia inajaza mikwaruzo iliyobaki na inashika vizuri zaidi kwenye uso usio laini sana.

Kwa maoni yangu, ile njia ya kwanza si matengenezo. Umemvua mtu kofia juani ukamsifu kwa nywele nzuri. Plastiki sasa haina kinga hata kidogo, na kwa jua la huku itarudi njano upesi kuliko mara ya kwanza. Wanaosema kwamba kusafisha taa hakusaidii, wengi wao walifanyiwa hii. Dawa ya meno inaingia humohumo: ina chembe laini za kusugua, kwa hiyo ni polishi dhaifu yenye harufu nzuri. Inang'arisha kweli, kwa muda. Ile ya kupuliza dawa ya kufukuza mbu, ya kujipaka mwilini, ni mbaya zaidi. Kiungo chake cha DEET huyeyusha uso wa polikaboneti, ndiyo maana ukungu unatoweka papo hapo, na ukiuacha utapata uso wenye kunata na nyufa. Petroli na tina ya kuzimulia rangi nazo zisisuguliwe kwenye taa.

Tahadhari kuhusu klia: hadina zake nyingi zina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Fundi avae barakoa ya vichujio, apulizie sehemu yenye hewa, na tabaka la kwanza liwe jepesi sana, kwa kuwa tina iliyomo ndani ya klia ikiwa nyingi kwa mpigo huchana plastiki. Siku ya upepo wa vumbi isiwe siku ya kazi hiyo.

Kulinda baada ya hapo hakuna miujiza. Maegesho ya kivuli yanashinda dawa zote, hata kama ni mti wa mkrismasi uani. Karatasi angavu ya kubandika, ile ya kulinda rangi ya gari, ndiyo kinga bora kwa taa ambayo bado ni nzima. Ikichakaa unaibandua na kuweka nyingine. Nta ya gari inasaidia kwa wiki chache, irudiwe. Na vumbi la Makuyuni lisifutwe kwa kitambaa kikavu hata siku moja, maana lile ni mchanga. Limwagiwe maji kwanza.

Kuna taa zisizostahili hangaiko lote hili. Ukiona vinyufa vimeingia ndani ya plastiki yenyewe, vinavyomeremeta kama nyuzi ukimulika kwa tochi, msasa hauvifikii. AAA waliona kuwa hata taa zilizotibika vizuri zilirudi kwenye asilimia 70 hivi ya mwanga, si 100. Kwa zile zenye vinyufa vya ndani tafuta kava au taa nzima, na kati ya mpya ya bei rahisi isiyo na ngozi ya maana na ya mtumba halisi kutoka Japani iliyo angavu bado, ningechukua ya mtumba. Imwagie maji kwanza hapohapo dukani, uisubiri ikauke.