Kutofungamana na upande wowote siyo kukaa kimya

Juzi tulikuwa Tanga kwenye arobaini ya bibi yetu, wanaume tumekaa nje kwenye mikeka tunasubiri pilau, mtu mmoja redio yake ya simu ikawa inasoma habari za Gaza. Mjomba wangu, mtu mzima anayefuatilia mambo, akasema "sisi ni nchi isiyofungamana na upande wowote, serikali haitakiwi kusema kitu hapo." Binamu yangu akadakia, "hatufungamani wapi mjomba, na ubalozi tumefungua Tel Aviv?" Wakabishana mpaka sahani zikaja. Mimi nilikaa kimya, maana siyo adabu kumsahihisha mjomba mbele za watu na msiba wenyewe ni wa mama yake, lakini iliniuma kwa sababu wote wawili wametumia neno moja na wote wawili wamelikosea. Na siyo wao tu, nalisikia hivyo hivyo kwa kinyozi, kwenye daladala, hata kwa wachambuzi wa asubuhi redioni.

Maana yenyewe ni fupi. Nchi isiyofungamana ni ile ambayo haijajifunga kwenye kambi ya kijeshi ya dola kubwa yoyote, kwa hiyo kila jambo likija inaliangalia lenyewe na kuliamua yenyewe. Basi, ndiyo hiyo. Hakuna sehemu inayosema nchi hiyo isiwe na msimamo, na hakuna sehemu inayosema isiwe na ubalozi kwa fulani.

Sasa shida ipo kwenye neno, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Watu wanasikia "kutofungamana" wanaelewa "kutoegemea". Ni vitu viwili tofauti kabisa na Kiswahili chenyewe kinakuambia. Kuegemea ni kulalia kitu, unaegemea ukuta, unaegemea mto, uzito wako unaupeleka huko. Anayeamua ugomvi wa watu wawili halafu akasema siegemei yeyote, maana yake uzito wake hauko kwa huyu wala kwa yule. Kufungamana siyo hivyo. Kuna funga, ukiongeza -ana unapata fungana, huyu anamfunga yule na yule anamfunga huyu, ni tendo, linaanza na linaisha. Lakini fungamana ina kitu kingine katikati, kile kiambishi -am- ambacho unakikuta kwenye simama, inama, kwama, tuama, yaani maneno ya kitu kilichokaa katika hali fulani na kimebaki hapo. Maji yakitua yakabaki chini yametuama. Kwa hiyo vitu vilivyofungamana ni vitu vilivyofungwa pamoja vikabaki hivyo, imeshakuwa ndiyo hali yao. Ndugu zake ni shikamana na gandamana, sikiliza tu yanavyolia.

Pale pale msibani nilikuwa nimekalia mfano. Ule mkeka ulikuwa wa ukindu, wa zamani, ukingoni ukili umeanza kufumuka. Nikashika unyuzi mmoja wa ukindu uliochomoza nikauvuta taratibu na vidole viwili, wa jirani yake ukaja, na wa tatu ukajikunja, ukingo wote ukasogea kama upana wa kiganja. Huko ndiko kufungamana. Unyuzi hauna maoni yake, ukivutwa mmoja wote wanakwenda, na hakuna aliyeuliza unakwenda wapi. Nchi iliyofungamana na dola kubwa ndiyo iko hivyo, bwana mkubwa akiingia vitani na wewe umeshaingia, akimsusa mtu na wewe umeshamsusa, uamuzi wako umemkabidhi kabla jambo lenyewe halijatokea. Anayekataa hilo hajasema atakuwa bubu, amesema hataki kuvutwa.

Neno la pili linalopotosha ni "upande wowote". Hilo "wowote" watu wanalichukulia kwamba ni upande wowote wa ugomvi wowote duniani, mume na mke, Simba na Yanga, Israel na Palestina. Hapana. Wakati msemo unazaliwa kila mtu alijua pande ni zipi, zilikuwa mbili, Magharibi ya Marekani na umoja wao wa kijeshi wa NATO wa 1949, Mashariki ya Urusi ya Kisovieti na Mkataba wao wa kijeshi wa Warsaw wa 1955. Harakati ya nchi zisizofungamana ilianzishwa rasmi Belgrade, Yugoslavia, Septemba 1961, nchi 25, akina Tito wa Yugoslavia, Nehru wa India, Nasser wa Misri, Nkrumah wa Ghana na Sukarno wa Indonesia, na walichokuwa wanakataa ni kugeuzwa kambi za wanajeshi wa watu wengine. Hawakukataa kuona jambo na kulisema.

Tena kwa Palestina ndiyo kabisa hoja ya kunyamaza haina pa kushika. Mkutano wa nchi za Asia na Afrika wa Bandung, Indonesia, 1955, ambao ndio mama wa harakati hii, Israel haikualikwa, na tamko la mwisho liliunga mkono haki za Waarabu wa Palestina na kutaka maazimio ya Umoja wa Mataifa yatekelezwe na suala limalizwe kwa amani. Yaani kabla hata Belgrade haijafika, kabla Tanganyika haijapata bendera yake, jambo hilo lilikuwa limeshasemwa. Na Palestina yenyewe ni mwanachama kamili wa nchi zisizofungamana. Sasa mtu ananiambiaje kwamba kutofungamana ndiko kunatuzuia kuitaja Palestina wakati tunakaa nayo meza moja kwenye mkutano huo huo wa kutofungamana? Walipokutana Kampala Januari 2024 Gaza ilijadiliwa na mashambulizi ya Israel huko yakalaaniwa kwenye tamko lao.

Lakini pia siyo kwamba harakati inamlazimisha mtu, na hapa ndipo namjibu na binamu yangu. Angalia kura ya tarehe 21 Desemba 2017 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ile ya kupinga uamuzi wa Trump kuitambua Jerusalem kuwa mji mkuu wa Israel. Ilipita 128 kwa 9, nchi 35 zikajizuia. Tanzania ilipiga ndiyo. Uganda na Rwanda zilijizuia. Kenya haikupiga. Togo ilipiga hapana. Wote hao ni wanachama wa nchi zisizofungamana, wamekwenda njia nne tofauti kwenye jambo moja, na hakuna aliyefukuzwa. Ingekuwa ni mkeka wangetoka na kura moja.

Halafu ile Tanzania iliyopiga ndiyo, Mei 2018 ikafungua ubalozi Israel, na iliufungua Tel Aviv, mwezi ule ule ambao Marekani ilihamishia wa kwake Jerusalem. Mtu akiona hapo anasema tunachanganya mambo. Mimi naona hatujachanganya chochote, ubalozi ni mlango wa kuzungumzia, biashara, viza, wanafunzi, mahujaji wanaokwenda Bethlehemu na Jerusalem, na Wapalestina nao wana ubalozi wao Dar es Salaam. Kuwa na mlango kwa mtu siyo kukubaliana naye kwa kila atakachofanya. Na kufunga mlango pia siyo kufungamana na adui yake.

Hilo la mwisho linahitaji historia kidogo kwa sababu vijana wengi hawaijui. Tulianza vizuri sana na Israel. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilipoanza Julai 1963 Waisraeli walikuwemo kwenye kuliandaa, vyama vya ushirika walisaidia pia. Ikaja vita ya Juni 1967, Israel ikachukua Sinai ya Misri, Ukingo wa Magharibi, Gaza na Golan. Oktoba mwaka huo Nyerere alikuwa Mwanza kwenye mkutano wa TANU akatoa hotuba ya sera ya mambo ya nje, na mimi naiona ndiyo hotuba ya kumsomea kila anayetumia neno hili. Alisema kuanzishwa kwa Israel kulikuwa ni uvamizi dhidi ya Waarabu, na dunia ilikubali kwa sababu ya mateso waliyopata Wayahudi. Hakuishia hapo, akasema Tanzania inaitambua Israel na inataka urafiki nayo na urafiki na Waarabu pia, lakini haitakubali ushindi wa vita uwe ndiyo hati ya kumiliki ardhi ya watu wengine. Na kwenye hotuba hiyo hiyo alisema urafiki wetu na mataifa hatutaununua kwa kunyamazia mambo makubwa ya amani na haki. Mtu asiyefungamana ndivyo anavyoongea, anamwambia rafiki yake ukweli akiwa bado rafiki.

Miaka sita baadaye, Oktoba 1973, vita vingine, Misri ni mwanachama mwenzetu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na ardhi yake bado imekaliwa, Tanzania ikavunja uhusiano na Israel kama nchi nyingi za Afrika zilivyofanya, Malawi ikabaki. Novemba 1988 Wapalestina walipotangaza dola yao tukaitambua mwezi huo huo. 1995, baada ya makubaliano ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, tukarudisha uhusiano na Israel. Ukizipanga tarehe hizo unaona nchi inasogea kila jambo linapobadilika, wakati mwingine inakwenda karibu, wakati mwingine inakwenda mbali, na hakuna aliyeivuta kama ule unyuzi wa ukindu. Unaweza usikubaliane na hatua moja moja, mimi mwenyewe zipo ambazo ningetaka ziwe vingine, lakini ni uamuzi wa nchi yenyewe.

Na hatukuwa hivyo kwa Israel tu. Baada ya Muungano wa 1964 Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar, Ujerumani Magharibi ikasema chagueni, sisi au wao, Nyerere akaruhusu wa Mashariki wawe na konseli tu Dar, wa Magharibi wakakata msaada wa kijeshi mwanzoni mwa 1965, naye akawaambia basi chukueni na misaada mingine yote. Desemba mwaka ule ule tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru wao na Uingereza haikuwazuia. Haya yote yamefanywa na nchi isiyofungamana, tena kwa sababu haifungamani, maana aliyefungamana na Uingereza asingeweza.

Kuna swali la haki ambalo mjomba angeweza kuniuliza, mbona Machi 2022 kwenye kura ya Umoja wa Mataifa ya kupinga Urusi kuivamia Ukraine tulijizuia? Ni kweli, tulijizuia, na wengi wakatetea kura ile kwa neno hili hili la kutofungamana, na nadhani hapo ndipo kizazi hiki kilipolijua neno kwa maana ya kimya. Kujizuia ni haki ya nchi na ni uamuzi mmoja kati ya kadhaa, lakini kulitaja kutofungamana kama ndiyo sababu peke yake hakutoshi, kwa sababu hakuamui kura, kunasema tu nani anayeipiga. Sababu inabaki inadaiwa.

Kama mtu anataka neno la kukaa kando kabisa lipo, ni kutoegemea, mfano wake ni Uswisi, ambayo hali hiyo ilikubaliwa na mataifa ya Ulaya mwaka 1815 na hata Umoja wa Mataifa iliingia 2002 tu. Ni njia yenye heshima yake. Ila Tanzania haijawahi kuichagua, na sioni ingeichaguaje. Oktoba 7, 2023, Hamas walipoishambulia Israel, waliuawa vijana wetu wawili waliokwenda kule kujifunza kilimo, mmoja wao familia yake ilisubiri mwili miaka miwili. Na watoto wa Gaza tumewaona kila siku kwenye simu zetu, wamebebwa kwenye mablanketi. Nchi yenye wazazi wanaolia kwa yote mawili itakaaje pembeni iseme halituhusu?

Kwa hiyo mjomba, shikamoo, najua utaisoma hii maana binti yako atakuonyesha. Sijasema umekosea kutaka serikali inyamaze, inawezekana una sababu nzuri, labda unaogopea vijana wetu walioko kule, labda unaona maneno hayasaidii. Hiyo ni hoja na tutakaa tuizungumze nikija Idi. Ninachoomba ni kwamba useme hivyo, "naona tunyamaze kwa sababu hii na hii", au ukitaka neno moja sema tusiegemee. Na wewe binamu, ukiona ubalozi Tel Aviv useme tuna uhusiano na Israel, ni kweli, tunao. Kufungamana bado.