Hadithi ya shabiki ina mwenyewe

Wengi huamini kuwa hadithi aliyoitunga shabiki kwa kutumia wahusika wa mwandishi mwingine haina mwenyewe, basi yeyote aweza kuiuza. Si kweli. Kwa sheria ya Marekani, matumizi hayo yakiwa halali, shabiki humiliki alichoongeza: sentensi zake, matukio mapya, mhusika aliyembuni.

Ndiyo maana masharti ya Kindle Worlds, mradi wa Amazon wa 2013 wa kuuza hadithi za mashabiki kwa idhini ya wenye kazi za awali, yalizua malalamiko. Malipo yalikuwa asilimia 35 ya mapato kwa hadithi ya maneno 10,000 au zaidi. Lakini shabiki aliikabidhi Amazon haki ya kuchapisha kwa muda wote wa hakimiliki, na mhusika wake mpya angeweza kutumiwa na wenye kazi ya awali bila malipo mengine. Hapo ndipo penye dhuluma. Mradi ulifungwa 2018.