Jina la Pushkin si jina la Kisovieti

Kila mji wa Ukraine unapobadilisha jina la mtaa, inakuja sentensi ileile: "wameondoa jina la Kisovieti." Unatazama mtaa wenyewe, unakuta ulikuwa wa Pushkin. Huyu Pushkin, mshairi wa Kirusi, alikufa mwaka 1837, miaka 80 kabla ya Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, kushika dola. Na katika miji kadhaa mtaa ulipewa jina lake tsar, mfalme wa Urusi, akiwa bado kwenye kiti chake.

Maana kwanza, kwa haraka. Jina la ukumbusho ni lile ambalo mamlaka huupa mtaa ili kumuenzi mtu au tukio. Aina nyingine ni jina linalozaliwa na matumizi: watu huuita mtaa kwa mahali unapoelekea, kwa kanisa lililopo au kwa kazi inayofanyika hapo, na karani huja baadaye kuliandika. Tverskaya ya Moscow ni njia iendayo mji wa Tver. Kuznechna ya Kyiv ilikuwa ya wahunzi. Majina ya waandishi ni ya aina ile ya kwanza. Hakuna wakazi walioamka asubuhi wakajikuta wanauita mtaa wao Tolstoy; palikuwa na kikao, na mtu alitia saini.

Kinachochanganywa ni nani alitia saini, na lini.

Odesa ndiyo yenye sababu ya karibu zaidi ya kumpa Pushkin mtaa. Pushkin aliishi pale kati ya 1823 na 1824, akiwa ameondolewa mji mkuu kwa sababu ya mashairi yake, na kwa muda alikaa katika hoteli iliyokuwa kwenye Mtaa wa Italia. Mwaka 1880 mtaa huo ukaitwa Pushkinska. Tazama mwaka: ndio huohuo ambao Moscow ilizindua sanamu ya Pushkin kwa shangwe kubwa. Majina haya hufuata kalenda ya maadhimisho kuliko idadi ya wasomaji.

Kyiv ilisubiri 1899, Pushkin alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa. Dola nzima ilisherehekea, na mtaa mmoja wa katikati ya jiji ukapewa jina lake. Hapa ndipo neno "Kisovieti" linaponikera zaidi, kwa sababu linaficha jambo zito. Tangu 1876 kulikuwa na Amri ya Ems, ambayo tsar Alexander II aliitoa kubana vitabu na michezo ya kuigiza kwa Kiukraine, na mwaka 1899 makali yake yalikuwa bado hayajaisha. Kwa hiyo mshairi wa Kirusi alipewa mtaa katika jiji ambalo mwandishi wa Kiukraine alihangaika kupata kibali cha kuchapa kitabu kwa lugha yake. Huo ni ufalme ukijiandika ukutani. Lenin hayumo.

Majina ya Kisovieti yapo, na yana sura yake. Mwaka 1932 serikali iliadhimisha miaka 40 ya kazi ya uandishi ya Maxim Gorky. Tverskaya ikawa Mtaa wa Gorky, na mji aliozaliwa, Nizhny Novgorod, ukaitwa Gorky wote mzima. Mwenyewe alikuwa hai, alikufa 1936. Kuenziwa ukiwa hai, kwa tangazo kutoka juu, tena kwa kuifuta njia ya Tver iliyojulikana kwa karne nyingi, hiyo ndiyo alama ya zama zile. Desemba 1935 Stalin alimsifu Mayakovsky kuwa mshairi bora wa zama za Kisovieti, na uwanja wa Triumfalnaya wa Moscow ukapewa jina lake. Ilipofika 1937, miaka 100 tangu kifo cha Pushkin, Bolshaya Dmitrovka, mtaa wa Moscow, ikageuzwa Pushkinskaya na mji wa Detskoye Selo, zamani Tsarskoye Selo, ukaitwa Pushkin, mwaka huohuo watu wakikamatwa usiku na kupigwa risasi. Ni kweli, basi, kuna Pushkin wa Kisovieti pia. Lakini huyo ni wa 1937, na Moscow yenyewe ililirudisha jina la Bolshaya Dmitrovka miaka ya 1990.

(Na kuna Tolstoy wa New Delhi, ambaye hakuletwa na Moscow. Tolstoy Marg ilikuwa zamani na jina la Keeling, mhandisi Mwingereza, na India huru ikaweka pale mtu aliyeandikiana barua na Gandhi. Hermann Kallenbach, rafiki wa Gandhi, alikuwa ameshaliita Tolstoy shamba lake karibu na Johannesburg, mwaka 1910, baada ya kushauriana na Gandhi.)

Tofauti hii ya jina la kifalme na jina la Kisovieti ilionekana hata kwenye sheria. Sheria ya Ukraine ya 2015 ililenga majina ya utawala wa kikomunisti: akina Lenin waliondoka, Pushkin hakuguswa, kwa kuwa hakuwa mkomunisti. Baada ya uvamizi wa 2022 mabishano yakahamia kwenye ufalme wa Urusi wenyewe, na sheria ya 2023 ikayataja majina yanayoutukuza. Kyiv haikuisubiri: Oktoba 2022 Pushkinska ilipewa jina la Yevhen Chykalenko, mfadhili aliyelipia gazeti la Kiukraine. Odesa ilirudi kwa Mtaa wa Italia mwaka 2024. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuukataa, maana Odesa alikokaa mtu si sawa na mji asioukanyaga kamwe. Ila ukisema "Kisovieti" umeshaliruka swali walilokuwa wakijibu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema Kyiv ilifuta jina la Kisovieti la Pushkinska, msahihishe taratibu tu. Jina hilo lilikuwa la 1899. La Kisovieti lilikuwa mitaa michache kutoka hapo, kwenye ile Kuznechna ya wahunzi iliyogeuzwa Mtaa wa Gorky, na lenyewe liliondoka mwaka 2005.