Kabla ya Kuuliza Mtandaoni "Hiki ni Kifaa Gani?"

Shule na ofisi nyingi hapa Uganda zinatumia kompyuta za msaada zilizokwishatumika kwingine, na ndani yake hukutwa kadi ambazo hata fundi wa jirani hazijui. Kuuliza mtandaoni ni jambo jema. Shida ni maswali yenyewe, ambayo kitengo chetu cha TEHAMA huletewa yakiwa yameshakosa majibu kwingine.

Kwanza tulimalize hili: 94V-0 si jina la kifaa. Ni daraja la ukinzani wa moto la ubao wa saketi, na limechapwa kwenye mbao za kila namna, za redio hata za seva. Alama ya CE nayo haitaji modeli. Anayeomba "draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya 94V-0" anamtafuta mtu sokoni Owino kwa kusema amevaa shati. Tumeshalieleza hili, na bado maombi yanakuja.

Kinachosaidia ni maandishi yote yaliyo kwenye stika na kwenye chipu kubwa, yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, maana O na 0 hupoteza watu, B na 8 vilevile. Kadi ya Wi-Fi ikiwa na FCC ID, yaani namba ya idhini ya vifaa vya redio ya Marekani, anza na hiyo: rekodi zake ziko wazi kwa umma nchini Marekani, mara nyingi na picha. Piga picha pande zote mbili, mchana, na sarafu ya shilingi 500 kando. Taja modeli ya mashine kilikotoka kifaa. "Kompyuta ya zamani" haisemi kitu. Kwa RAM (kadi ya kumbukumbu), pini zihesabike: aina ya DDR3 ya kompyuta ya mezani ina 240, DDR4 ina 288, na pengo lake limekaa mahali tofauti. Isipoingia, usiisukume.

Kadi ikiwa bado imechomekwa na Windows inawaka, fungua Device Manager, kisha sifa za kifaa, kisha Details, uchague Hardware Ids. Nakili mstari wote. VEN_ hutaja mtengenezaji: VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA. Tarakimu zinazofuata DEV_ ndizo zinazotaja chipu yenyewe.

Diski ngumu ni suala jingine. Mtumishi asipige picha ya skrini yenye majina ya wanafunzi au wagonjwa kwa kisingizio cha kutambua diski. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa binafsi azilinde, na anayezitoa kwa makusudi bila idhini anaweza kutozwa faini, kufungwa kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa mali ya ofisi, pata kwanza kibali cha maandishi cha msimamizi wa vifaa, ufunike namba ya mali na namba ya siri ya Wi-Fi ikiwa imebandikwa, ndipo upige picha. Nakala ya kibali ibaki kwenye faili.

Ombi litakaloletwa kwetu bila picha ya upande wa nyuma litarudishwa.