"Nichomee tu, faili ninalo"

Desemba watu wa Dar wanapopanda Moshi, dukani kwangu husikia sentensi moja kutwa nzima: "Fundi, nichomee DVD tu, ni kukopi." Juzi kaka mmoja kaja na diski nne za sendofu ya dada yake. Kazichoma mwenyewe, kazipandisha Rombo, deki ya bibi ikazunguka weee, ikagoma. Lawama kwangu, eti kwa sababu video nilimpa mimi kwenye flashi.

Sikilizeni. Ukiburuta faili la video la MP4 ukalitupa kwenye diski tupu, umetengeneza flashi ya duara. Kompyuta itaisoma, na baadhi ya deki za karibuni, lakini deki ya zamani haijui MP4 ni mnyama gani. Inatafuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake faili za aina tatu: VOB zenye picha na sauti, IFO inayoiambia ianzie wapi, na BUP, ambayo ni nakala ya akiba ya IFO. Picha yenyewe iwe imebanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na kwa mfumo wetu wa TV, PAL, ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kuna waliobadilisha jina la faili likaishia na .vob wakadhani wamemaliza. Jina si kazi! Kazi hiyo ni ya programu ya kutengeneza DVD, kama DVDStyler, ambayo ni ya bure: inageuza video, inapanga menyu, ndipo inachoma. Inachukua muda. Ukinikuta nimekaa nakunywa chai, ujue mashine ndiyo iko kazini.

"Faili lina GB 1 tu, sherehe nne zitaingia." Haziingii. DVD huhesabiwa kwa dakika, si kwa ukubwa wa faili lako, maana video inageuzwa upya. Diski ya GB 4.7 (kompyuta itakuonyesha 4.38, hujaibiwa) inabeba kama saa moja kwa ubora wa juu, saa mbili kwa ubora wa kuridhisha. Shindilia saa nne, na watu wakianza kucheza chini ya taa za ukumbi, sura ya bi harusi inakuwa vigae vya bafuni. Gawa diski mbili. Nasema kila siku, gawa!

Video ya Full HD nayo ikiingia kwenye DVD haibaki Full HD. Ni mistari 576, basi. Anayetaka HD abaki na flashi.

Diski kuandikwa kasi ya 16x si amri. Mimi nachoma 4x au 8x, na naifunga kwa programu (finalize) kabla ya kuitoa, maana isiyofungwa deki nyingi zinaikataa.

Halafu zile stika za karatasi zenye picha ya maharusi. Ikikaa upande kidogo, diski inayumba. Joto la deki likiinua ukingo, utaitoa kwa bisibisi. Nunua diski zenye uso mweupe, chapa kwa printa ya wino yenye trei ya diski. Huna? Andika kwa maka pen laini ya wino wa maji. Kalamu ya kawaida weka mbali.

Zile nne za Rombo nimezichoma upya, zimekuwa nane. Hela bado sijaiona.