Je, wajua kwa nini Enter huituma fomu kabla hujaimaliza?

Mwaka jana niliandika fomu ya kuingiza orodha za wateja kwa sekretariati moja ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Siku ya kwanza tu, mama anayechapa akapiga kelele: “Eh! Inaenda, mimi sijamaliza!” Alikuwa ameandika jina peke yake, akabonyeza Enter ashuke kwenye namba ya simu, fomu ikaondoka.

Kosa halikuwa lake. Kanuni za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, zinasema hivi: fomu ikiwa na kitufe cha kutuma, Enter ndani ya kisanduku cha mstari mmoja ni sawa na kukibofya kitufe hicho. Kwenye kisanduku cha kutafutia hilo ni raha. Kwenye fomu ya visanduku kumi na viwili ni balaa.

Kitufe cha kuhamia mbele ni Tab, jina lililotoka kwenye tabuleta ya mashine za chapa, iliyorusha gari la karatasi hadi safu inayofuata ya jedwali. Basi kwa nini asitumie Tab? Tazama mikono yake. Kibodi zetu ni za AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, na tarakimu za mstari wa juu hazitoki bila Shift. Anayeandika namba kutwa huhamia kwenye vitufe vya namba vya kulia, na pale Enter iko chini ya kidole kidogo. Tab iko kule kushoto kabisa, na mkono wa kushoto umeshika karatasi.

Dawa ni skripti fupi ya JavaScript, inayoidaka Enter kabla kivinjari hakijafanya lake:

fomu.addEventListener('keydown', function (e) {
  if (e.key !== 'Enter' || e.target.tagName !== 'INPUT') return;
  e.preventDefault();
  const vyote = [...fomu.querySelectorAll('input, textarea, button')];
  const mbele = vyote[vyote.indexOf(e.target) + 1];
  if (mbele) mbele.focus();
});

Mstari wa preventDefault ndio unaozuia kutuma. Focus ndiyo inayohamisha kishale. Kisanduku cha maelezo marefu (textarea) tumekiacha, kwa sababu humo Enter ina kazi ya kuanza mstari mpya. Ukiwa na visanduku vilivyofichwa au kufungwa, vichuje, la sivyo kishale kitagoma hapo. Enter ya kulia na ile kubwa ya katikati, zote e.key huziita 'Enter'. Anayetaka kuzitofautisha atumie e.code, inayotaja kitufe chenyewe kilichobonyezwa.

Tab yenyewe usiiguse. Asiyeona anaitegemea, na mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, unakataza ukurasa kumnasa mtu wa kibodi mahali asipoweza kutoka. Wengine hupanga safari ya Tab kwa tabindex, namba ya zamu inayopewa kila kisanduku: 1, 2, 3. Mimi siipendi: ongeza kisanduku kimoja katikati, hesabu yote inavurugika, na vyenye namba hutangulia vyote visivyo nayo. Panga visanduku vizuri kwenye HTML, Tab itavifuata yenyewe.

Sasa mama yule akifika mwisho, kishale kinatua kwenye kitufe cha kutuma. Anaangalia karatasi mara moja, Enter, anachukua nyingine.