Je, wajua kwa nini sailensa hutuliza pikipiki bila kuziba moshi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sailensa hufanya kazi kama kiganja kilichoziba mdomo: inabana moshi, na moshi ukibanwa sauti hufifia. Kwa imani hiyo nilishindilia nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, kwenye mdomo wa ekzosi ya pikipiki yangu. Mlio wa juu, ule unaokwaruza masikio, ulipungua kweli. Lakini ngurumo ya chini ilibaki vilevile, pikipiki ikawa nzito kwenye mwinuko, na baada ya siku chache nyuzi zilikuwa zimeungua na kutupwa nje vipande vipande. Nikabaki na swali: sailensa ya kiwandani ina njia ya moshi iliyo wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa inanyamazisha kwa kutumia nini?

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba moshi na sauti ni kitu kimoja. Vyote hutoka kwenye bomba lilelile, ila kila kimoja kina mwendo wake. Chukua foleni ya watu waliobanana. Wa mwisho akimsukuma aliye mbele yake, msukumo hufika kwa wa kwanza kufumba na kufumbua, ilhali kila mmoja amejongea nusu hatua tu. Watu ndio moshi. Msukumo ndio sauti. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ambayo bado ina mgandamizo mkubwa hufyatuka, na mshtuko wake huikimbia gesi yenyewe. Katika hewa ya nyuzi joto 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Ndani ya gesi ya nyuzi joto 400 hufikia kama mita 520. Gesi hufuata nyuma, polepole zaidi.

Kwa hiyo kazi ni kuuzuia msukumo huku watu wakiachwa wapite. Ukibana mdomo wa bomba unazuia vyote viwili, na anayeumia ni injini. Pistoni hupoteza nguvu ikisukuma gesi isiyotoka, mabaki ya moshi hubaki kwenye silinda na kuchukua nafasi ya mchanganyiko mpya, joto linapanda. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo ndipo ipate nguvu. Hapana. Kinachoisaidia ni wimbi linalorudi kwa wakati mwafaka, na hilo huamuliwa na urefu na upana wa bomba. Kwenye injini za mipigo miwili jambo hili ni zito zaidi: wimbi linalorudi ndilo linalosukuma mafuta mabichi yaliyotoroka yarejee kwenye silinda. Ukibadilisha umbo la ekzosi yake umeigusa injini yenyewe.

Sasa twende kwenye chumba cha sailensa. Funga kamba nyembamba kwenye kamba nene, kisha itikise ile nyembamba. Wimbi likifika kwenye fundo, sehemu yake huvuka na sehemu hurudi mkononi mwako. Hakuna kilichoziba njia. Badiliko la ghafla la unene limetosha. Ndivyo inavyokuwa bomba la upana wa sentimita 3 linapofunguka ghafla kuwa chumba cha sentimita 9. Eneo limeongezeka mara 9, na sehemu kubwa ya sauti hugeuka ilikotoka. Kwenye mlango wa kutokea, panapokuwa pembamba tena, hugeuka mara ya pili. Mawimbi haya yanayokwenda na kurudi hukutana kama watu wawili wanaosukuma bembea moja: wakisukuma kwa kupishana, kila mmoja huua kazi ya mwenzake.

Kwa hesabu, chumba kitupu cha namna hiyo chenye urefu wa sentimita 30 kinaweza kupunguza hadi desibeli 13, yaani kuruhusu takriban sehemu 1 kati ya 20 ya nishati ya sauti. Ila hufanya hivyo kwa mlio wa mitetemo kama 430 kwa sekunde. Kwa mlio wa mitetemo 870 hivi, bembea husukumwa kwa wakati sahihi na sauti hupita kana kwamba chumba hakipo! Ndiyo maana ndani ya sailensa nyingi kuna vyumba kadhaa vya urefu tofauti, ili mlio uliopenya kimoja unaswe na kingine. Halijoto ikibadilika namba hizi nazo husogea, kwa hiyo zichukulie kama mfano.

Na zile nyuzi zangu? Nyuzi humeza sauti kwa msuguano, hewa inayotetemeka ikijikwaruza kati yake, na humeza vizuri mawimbi mafupi. Injini ya silinda moja na mipigo minne hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hulipuka mara 50 kwa sekunde. Wimbi la ngurumo hiyo lina urefu wa mita 10 hivi. Tabaka la sentimita chache haliwezi kulimeza. Tena mahali pa nyuzi si katikati ya njia, bali pembeni, zikizunguka bomba lenye matundu.

Kwa hiyo unachoweza kufanya nyumbani ni kidogo, ila kina maana. Kama sailensa ni ya aina ya nyuzi, ifungue ikiwa imepoa na uweke nyuzi mpya za kioo zilizotengenezwa kwa ajili ya ekzosi. Kama iliyopo si ile iliyokuja na pikipiki, kurudisha ya kiwandani huwa ndiyo njia ya uhakika. Injini iwashwe nje kila unapojaribu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu.

Kabla ya yote, kagua maungio. Alama nyeusi ya masizi penye kiungo cha ekzosi na kichwa cha injini ni dalili ya uvujaji. Gasketi yangu, yaani pete inayoziba kiungo hicho, ilikuwa imeungua upande mmoja. Kila mshtuko ukifika mwisho wa bomba, sehemu yake hurudi kama mvuto, na mvuto huo ulikuwa ukinyonya hewa safi kupitia ufa. Hewa ikakutana na mafuta ambayo hayajaungua, na nikiachia mkono wa mafuta pikipiki inapasuka pah! pah! Nilibadilisha gasketi na kuzitoa nyuzi zote. Milipuko ile haikurudi.